Mkwaruzo kwenye Nyimbo Tatu za Mwisho

Kwa nini ziwe nyimbo tatu za mwisho tu? Swali hilo niliandika kwa penseli nyuma ya daftari langu la Sayansi nikiwa darasa la tano, nikalipigia mstari mara mbili. Nyimbo tisa za kwanza zilikuwa safi. Kuanzia ya kumi, kompyuta ya Shangazi ilianza kutafuna: tk, tk, tk, kama mtu anayevunja vijiti vikavu ndani ya spika, kisha sauti ya mwimbaji inakatika, inarudi, inakatika tena. Nilimuuliza Shangazi. Nilimuuliza fundi. Nilimuuliza hata mwalimu wa Sayansi, akaniambia kompyuta haimo kwenye mtihani, nikae chini.

Nimelikumbuka swali lile wiki iliyopita, jikoni kwangu hapa Mwanza, baada ya Mama kunitumia chupa ya samli kutoka Bariadi. Watu wengi niliokua nao wakinusa samli wanakumbuka ugali wa mtama na bibi zao. Mimi nilifungua kifuniko nikajiona nimesimama dirishani, nimeishika CD kwa ncha za vidole, nimeiinamisha upande upande ili mwanga uiguse, na moyo unanidunda kama mwizi. Nikacheka peke yangu. Nimefundishwa, kama nyinyi mlivyofundishwa, kwamba mtoto wa kike hajisifu. Sijawahi kuelewa sababu. Kwa jambo hili moja nitajisifu.

Shangazi Nyanzobe, dada wa baba yangu, alikuwa na duka la steshenari pale Somanda, Bariadi. Alitoa fotokopi, alipiga picha za pasipoti, alichapa barua za watu waliotaka kazi, na nje aliweka ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: TUNAINGIZA NYIMBO KWENYE SIMU. Nilishinda pale kila siku baada ya shule, kwa sababu Mama alikuwa muuguzi na zamu zake hazikuwa na huruma. Msimu wa pamba, vinyuzi vyeupe viliruka kutoka kwenye malori yaliyokuwa yakielekea kiwandani, vikaingia dukani, vikatua juu ya karatasi, juu ya nywele, ndani ya chai. Shangazi aliifunika kompyuta kwa kitenge kama mtu anayemfunika mtoto mchanga.

Yeye mwenyewe hakuipenda kazi ya nyimbo. Kipanya kilimshinda, alikisukuma kama pasi ya mkaa. Kwa hiyo kiti cha kompyuta kikawa changu. Mteja akileta CD, niliitia kwenye mdomo wa mashine, nikabonyeza panapotakiwa, nikasubiri mstari wa kijani ujae, wimbo mmoja baada ya mwingine, kisha nikazihamishia kwenye memori kadi yake. Niliamini kwamba kompyuta inazinywa nyimbo kutoka kwenye CD, kama mtu anavyonyonya soda kwa mrija. Kila nilipomaliza niliipima CD mkononi kuona kama imekuwa nyepesi. CD za wateja waliokuja mara nyingi nilizionea huruma. Niliona zinaelekea kukauka.

Guku Maduhu alikuja siku moja mchana, pamba ikiwa imeanza kuuzwa. Guku maana yake babu, na sisi sote tulimwita hivyo, ingawa hakuwa babu wa yeyote kati yetu. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito kwenye joto lile, na alipotusalimia nilidhani anatania.

“Mwadila, mayu,” alimwambia Shangazi, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo yenye upepo mwingi, kama ufagio kwenye sakafu.

“Mwadila, guku. Mhola?”

“Mhola. Koo tu.”

Alikuwa ningi, yaani mtunzi na mwimbishaji wa kundi la ngoma, kule upande wa Sola. Watu walikuwa wakitembea kutwa nzima kwenda kumsikia. Kisha ugonjwa wa koo ukamchukua sauti, ukamwachia mnong'ono. Kutoka mfuko wa ndani wa koti alitoa kitambaa, akakifunua mara tatu, na ndani yake mlikuwa na CD. Alirekodi nyimbo zile miezi michache kabla ya kuugua, katika studio ya mtu mmoja ambaye baadaye alifunga akahama. Nakala nyingine zilikuwa zimepotea au kuvunjika. Hii ndiyo iliyobaki.

“Tisa vijana wangu wanazijua,” alisema. “Tatu za mwisho hawazijui. Nilizitunga mwishoni mwishoni, sikupata hata msimu mmoja wa kuzicheza. Sasa mimi siwezi kuwaimbia. Koo langu limo humu.” Akaigonga CD kwa kucha.

Nilizinakili siku ileile, Shangazi akiwa anahangaika na fotokopi iliyokwama. Wakati mstari wa kijani ukijaa nilikuwa nikicheza karata za kwenye kompyuta, kama kawaida yangu. Guku akapewa memori kadi yake, akashukuru kwa “wabeja,” akapanda gari kurudi kwao.

Baada ya wiki moja alirudi.

“Mayu,” alimwambia Shangazi, “humu ndani kuna mtu anakula bisi.”

Shangazi aliichomeka kadi kwenye kompyuta, akafungulia spika. Wimbo wa kwanza, safi. Wa tano, safi. Wa kumi: tk, tk, tk. Wa kumi na moja ulikuwa mbaya zaidi. Mahali pamoja uligonga mara tatu, ukanyamaza kabisa, kisha sauti ya Guku ikarudi kana kwamba alikuwa ametoka nje kidogo. Sauti ile! Sikuwa nimewahi kuisikiliza vizuri. Ilikuwa nene, yenye kiburi, na mwenyewe amekaa mbele yetu kwenye benchi, ameshika fimbo, hawezi hata kumwita mtu upande wa pili wa barabara.

Shangazi akanigeukia. “Limi. Siku ile ulikuwa unacheza karata?”

Ningeweza kusema uongo. “Ndiyo.”

“Umeona sasa? Mashine ina kichwa kimoja, wewe unaipa kazi mbili! Toka kwenye hicho kiti.”

Nilitoka. Nililia kidogo nyuma ya rafu ya madaftari, sitakataa. Lakini nikiwa bado nafuta kamasi, kitu kilianza kuniwasha. Karata nilianza kuzicheza tangu wimbo wa kwanza. Kama karata ndizo zenye kosa, zilijuaje kusubiri mpaka wa kumi?

Jioni alikuja Fundi Bakari. Alikuwa mtu wa Tanga, mtumishi wa ofisi moja mjini, na baada ya saa za kazi alitengeneza kompyuta za watu. Aliongea Kiswahili laini kilichotufanya sisi wengine tujisikie tumebeba mawe mdomoni. Alisikiliza wimbo wa kumi nusu dakika tu.

“Virusi hao, dada Nyanzobe. Tupige windo.”

Kwa Fundi Bakari kila ugonjwa wa kompyuta ulikuwa na dawa moja, kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Nyimbo zote za Shangazi, barua zote, picha zote.

“Nitapoteza kila kitu,” Shangazi alisema.

“Utapoteza, lakini utapona. Jumamosi nitakuja na vifaa.”

Mama Kulwa, jirani aliyeuza mitumba, alikuwa amesimama mlangoni na sidiria tatu begani akisikiliza. “Mimi nasema kitu kimoja tu,” alisema. “Guku huyu ana wazee wake. Masamva, mizimu ya kwao, hawapendi sauti ya mtu wao iingizwe kwenye sanduku.”

Sote tukamtazama Guku. Hata Fundi, mtu wa Tanga aliyekuwa akisema haogopi kitu, alirudi hatua moja nyuma.

“Masamva wangu,” alinong'ona Guku taratibu, “wanadai pombe na mbuzi. Na mbuzi wenyewe wanamtaka mwenye rangi moja. Kompyuta wameijua lini?”

Mama Kulwa alicheka mpaka sidiria zikamwanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimempenda mzee yule ghafla, kwa sababu alikuwa mtu mzima wa kwanza niliyemwona akikataa jibu lililoletwa kwa heshima.

Kisha Guku akatueleza mpango wake. Alikuwa amewaambia vijana wake waanze na zile nyimbo tisa. Yeye angekaa kwa binti yake hapa mjini mpaka Jumapili asubuhi, kisha arudi, kwa sababu mavuno yamekwisha na mashindano ya ngoma yanakaribia. “Nikirudi bila zile tatu, mwaka huu hazitaimbwa. Na mwaka mwingine siuahidi mimi.” Akaiacha CD mezani, akaondoka.

Usiku ule sikuomba, nilipanga. Nyumbani kwetu nyama ikipungua chunguni, Mama hakutupiga sote. Alitutoa nje, akamwacha mmoja ndani na chungu, kisha akaangalia. Siku iliyofuata mwingine. Mla nyama alijulikana tu. Nikaona ndivyo nitakavyofanya: nitabadilisha kitu kimoja, vingine vyote vibaki vilevile, na niandike. Kesho yake nilimwomba Shangazi anirudishie kiti saa moja tu kwa siku.

“Saa moja. Nikiona karata, nakuchapa na hiyo rula ya futi tatu.”

Siku ya kwanza nilifunga kila kitu, bila karata, nikakaa nimefumbata mikono kama niko kanisani. Wimbo wa kumi: tk, tk, tk. Niliandika kwenye daftari: *Si karata.* Sidhani kama nimewahi kuandika sentensi iliyonipa raha kama ile, na nimeandika tasnifu.

Nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe. Niliamini mashine inachoka. Inaanza na nguvu, ikifika wimbo wa kumi inahema, kama mimi nikipanda na ndoo kutoka bombani. Lilikuwa wazo zuri na nililipenda. Kwa hiyo siku ya pili nilianza na wimbo wa kumi, peke yake, kompyuta ikiwa imelala usiku kucha. Tk, tk, tk, tangu mwanzo. Nilikaa nikiitazama skrini kwa hasira. Kisha nikaandika: *Haichoki.* Hiyo niliiandika kwa herufi ndogo.

Nikachukua CD ya kwaya ya kanisani kwa Shangazi, nayo yenye nyimbo kumi na mbili, nikainakili yote. Safi mpaka Amina ya mwisho. Basi, nikasema, kompyuta ni nzima, mgonjwa ni CD ya Guku. Fundi Bakari alipopita akacheka. Aliichukua CD ya Guku, akavuka barabara hadi saluni, akaiweka kwenye deki yao. Tulisimama kati ya akina dada wenye dawa kichwani tukasikiliza hadi wimbo wa kumi na mbili. Hakuna mkwaruzo hata mmoja.

“Unaona, mwanangu? CD haina neno. Jumamosi tunapiga windo.”

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi. Kompyuta peke yake, nzima. CD peke yake, nzima. Ukiwaweka pamoja, wanaumwa. Nilirudi dukani nikakaa chini ya meza na lile jambo kama mtu aliyemeza kokwa.

Ni pale chini ya meza, kwa kweli, nilipopata msaada. Sikio langu lilikuwa karibu na sanduku la kompyuta, na Shangazi alikuwa anajaribu tena wimbo wa kumi. CD ndani ilikuwa ikilia. Ilizunguka kwa kasi, ikivuma kama mashine za kiwanda cha pamba ukipita ukutani. Nikakumbuka deki ya saluni: ile ilizunguka kimya, polepole, kama mtu anayekoroga uji. Deki ilikuwa inasoma wimbo kwa muda uleule unaochukua kuuimba. Kompyuta ilikuwa inaumeza.

Nilichukua kamusi ya Kiingereza. Kwenye ile programu ya kunakilia kulikuwa na ukurasa wa mipangilio ambao sikuwahi kuufungua, na ndani yake mahali pa kuchagua kasi. Nilichagua ya chini kabisa. Wimbo mmoja ulichukua muda mrefu hadi Shangazi akauliza kama nimeivunja. Wa kumi ukatoka safi! Wa kumi na moja ukabakiwa na mikwaruzo michache. Wa kumi na mbili, nusu kwa nusu. Niliandika: *Haraka ni sehemu ya kosa. Lakini inajikwaa kwenye nini?*

Hapo ndipo nilipoitoa CD nikaenda nayo dirishani.

Ukiitazama kwa mbele iling'aa tu. Ukiiinamisha kidogo, ukingoni palikuwa na ukungu, mviringo mzima, upana wa kidole gumba. Ndani ya ukungu ule vilinasa vinyuzi vidogo vya pamba, kama nzi kwenye utando. Katikati palikuwa safi kama kioo. Niliisogeza puani. Kila mtoto wa Kisukuma anaijua harufu ile kabla hajajua jina lake.

Guku alikuwa amekaa kwenye benchi. Ilikuwa Ijumaa, na alikuja kila alasiri kutazama bila kusema lolote.

“Guku,” nilisema, “CD hii umeipaka samli?”

“Ndiyo,” alijibu bila aibu yoyote. “Hukuona inavyong'aa?”

Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. “Jamani, guku!”

“Mayu, kitu cha ngoma hakiachwi kikauke,” alisema, kwa uvumilivu wa mtu anayewaeleza watoto. “Ngozi ya ngoma huanza kupasuka ukingoni. Katikati huigusi, utaua mlio. Unapaka pembeni tu, kwa kidole, unaizungusha. Ngoma yangu ya kwanza ilikaa miaka ishirini. Hii nayo nimeipaka kila mwisho wa mwezi.”

Sikuweza kumcheka, na hadi leo siwezi. Kila alichosema kilikuwa kweli kuhusu ngoma. Alikuwa ameitunza CD ile kuliko mteja yeyote aliyewahi kuingia dukani, wale waliozileta zimechanganyika na funguo na sarafu mfukoni. Swali langu la nyuma ya daftari bado lilibaki: samli iko ukingoni, lakini kwa nini ukingo uwe nyimbo za mwisho? Hilo nilikuja kulisoma nikiwa mwaka wa pili chuoni, bila kulitafuta. Santuri za zamani zilianzia ukingoni zikaelekea ndani. CD huanzia karibu na tundu la katikati na kutembea kwenda nje. Wimbo wa mwisho ndio unaokaa mbali zaidi. Nilisimama maktabani na kitabu mkononi nikitaka kumpigia mtu simu, na sikujua nimpigie nani.

Fundi Bakari aliingia tukiwa katikati ya mjadala. Aliposikia, alipiga paja. “Mzee, umeikaanga!” Lakini hakukubali. “Samli si kitu. Mbona saluni imeimba vizuri? Ipake dawa ya meno, uisugue, halafu kesho tunapiga windo.”

“Saluni ilikuwa inasoma polepole,” nilisema.

“Mwanangu, mimi nimesomea.”

Nilimtazama. Nilijua kwamba nikibishana kwa maneno nitashindwa, kwa umri, kwa Kiswahili, kwa kila kitu. Kwa hiyo niliinuka nikaenda kwa mama lishe wa jirani, nikaomba samli kidogo kwenye karatasi. Nikarudi, nikaitoa CD ya kwaya kwenye kasha lake, nikachovya kidole, na mbele ya watu wote nikaizungushia samli ukingoni kama Guku alivyoeleza.

“Limi!” Shangazi alipiga kelele. “Hiyo ni kwaya ya Bwana!”

“Itaoga, Shangazi.”

“Utaoga wewe! Subiri baba yako asikie!”

Lakini CD ilikuwa imekwisha kuingia mdomoni mwa mashine, na kasi nilikuwa nimeirudisha juu. Tulisubiri. Wimbo wa kwanza, safi. Wa nne, safi. Fundi Bakari alikuwa anatabasamu. Wa tisa, safi. Wa kumi na moja: tk. Tk, tk, tk, tk.

Kwaya iliyokuwa nzima jana yake ilikuwa inatafuna bisi, na aliyeitia ugonjwa alikuwa mimi. Kama unaweza kuuleta ugonjwa kwa mkono wako, unaujua. Wakati ule sikuwa na maneno ya kulisema hilo. Nilihisi tu masikio yamekuwa moto.

Tulichemsha maji kidogo, tukayapoza yakawa vuguvugu, nikayatia povu la sabuni. Ndani ya kasha la CD mpya kulikuwa na michoro miwili: mkono unaofuta kwa kuzungusha, umepigwa alama ya kosa, na mkono unaofuta kutoka tundu kwenda ukingoni, umewekewa alama ya vema. Nikafuata mchoro wa pili, kwa pamba na kitambaa laini. Nikakausha. Nikanakili tena. Kwaya ikatoka safi hadi mwisho.

“Haya,” alisema Fundi Bakari polepole, akavuta kiti akakaa. “Haya, mama.” Hakuwa ameniita mama kabla ya hapo.

Ilibaki ya Guku. Niliishika, na Shangazi akauzuia mkono wangu juu ya beseni.

“Hiyo ni moja tu duniani, Limi. Kwaya nitanunua nyingine. Hiyo ikikwaruzwa, basi.” Akamgeukia mwenyewe. “Guku, sema wewe.”

Guku aliitazama CD, kisha beseni. Nadhani sote tulifikiri anaogopa, na labda aliogopa.

“Nimepeleka ng'ombe joshoni maisha yangu yote,” alinong'ona hatimaye. “Sijaona aliyekufa kwa kuoga. Mwogeshe.”

Nilimwogesha. Sijawahi kuosha kitu taratibu namna ile, hata mtoto wangu alipozaliwa. Nilifuta kutoka katikati kwenda nje, mstari mmoja, nikageuza kidogo, mstari mwingine, na ule ukungu ulipotoka maji yakawa na macho ya mafuta juu. Kisha kasi ya chini kabisa. Mstari wa kijani ulitambaa. Mama Kulwa alifunga biashara yake akaja kusimama mlangoni. Wimbo wa kumi. Wa kumi na moja, hadi pale ulipokuwa ukigonga mara tatu na kunyamaza. Nilifumba macho, na sauti ya Guku ikapita pale moja kwa moja, nene, bila kujua kama palikuwa na shimo.

Tulimvalisha hedifoni. Alikaa ameinamisha kichwa, midomo ikifuata maneno bila mlio, na mguu wa kulia ukaanza kupiga sakafu. Karibu na mwisho wa wimbo wa kumi na mbili nilisikia kitu kikivuma nje ya hedifoni, nikaruka kwenda kusimamisha.

“Guku, bado kuna kelele!”

Aliinua mkono. “Huyo ni ng'ombe. Tulirekodi mlango uko wazi. Namfahamu huyo ng'ombe. Mwache.”

Shangazi alifuta kiti cha kompyuta kwa upindo wa kitenge, akakivuta nyuma kidogo. “Kaa,” aliniambia. Ni hilo tu. Fundi Bakari aliufunga mkoba wake bila kutoa kitu, na alipofika mlangoni akageuka kuniuliza niliandika nini kwenye lile daftari. Nilimpa. Alilisoma akiwa amesimama, ukurasa wote, akarudi juu, akasoma tena.

Nimeshafanya kazi kubwa zaidi ya ile. Nimekaa na watu wenye vyeo wakiniambia sababu ya tatizo kabla hawajalitazama, na kila mara nimewauliza: tumebadilisha kitu gani kimoja, na vingine tumeviacha? Wengine wananiona msumbufu. Sijivunii kwamba nilijua, maana sikujua kitu. Niliamini CD inakauka kwa kunyonywa. Najivunia ile sentensi ya herufi ndogo, *haichoki*, ambayo kwayo nililikataa wazo langu mwenyewe bila kulazimishwa na mtu.

Guku Maduhu alirudi kwao Jumapili na nyimbo zake tatu, na kundi lake lilizicheza mwaka ule na miaka iliyofuata, hata baada ya yeye kufariki. Mimi sikuwahi kuziona zikichezwa mpaka mwaka jana, nilipokwenda likizo nyumbani na binamu yangu akanipeleka uwanjani kulikokuwa na mashindano. Walipofika kwenye wimbo wa kumi na moja, wachezaji wote walikanyaga chini mara tatu kwa pamoja, wakaganda kama miti, kimya kabisa, kisha wakarudi kwenye wimbo kwa kishindo kimoja. Watu walipiga vigelegele hadi vumbi likapanda. Walishinda kwa hatua ile. Baadaye nilimfuata kiongozi wao, Masanja, ambaye enzi zile alikuwa kijana na sasa ana mvi, nikamuuliza Guku aliwezaje kuwafundisha kusimama vile ilhali hakuweza kuimba.

“Hakutufundisha yeye,” Masanja alisema huku akivua njuga. “Alituambia tusikilize tisa tu, sisi tukasikiliza zote. Ile kadi ya kwanza, kabla hajairudisha mjini. Tuliposikia pale anagonga tatu na kunyamaza, tukasema huyu mzee ni hatari. Tukafanya mazoezi wiki nzima. Alipokuja na ile safi tukaona haina kituo, tukamwonyesha tulichofanya. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tukiache, kimekaa vizuri kuliko alivyotunga.”

Hatua ile ina jina. Wanaiita kompyuta.